Uzoefu wangu: Axopatch 200B, kadi ya NI USB-6341 na programu ya WinWCP

Axopatch 200B ni amplifaya ya pachi-klampu, yaani mbinu ya kupima mikondo midogo ya umeme inayopita kwenye utando wa seli kwa pipeti ya kioo, na ni ya analojia kabisa. Haina USB. Inatoa volti tupu kwenye soketi za BNC, na kazi ya kuzigeuza volti hizo ziwe namba ni ya kifaa kingine. Yetu ililetwa maabara kama msaada, bila kifaa hicho cha pili. Njia iliyozoeleka ni kununua Digidata, kigeuzi cha aina hiyo, pamoja na programu ya pCLAMP, na anayemudu asisite, maana vimeundwa kufanya kazi pamoja. Sisi bei ilitushinda. Tukachukua kadi ya National Instruments, USB-6341 yenye soketi za BNC, na WinWCP, programu ya kurekodi iliyoandikwa na John Dempster katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, inayotolewa bure. Kwa kurekodi mikondo ya seli nzima, mfumo huu nauamini.

Waya zenyewe ni chache. Kwenye kadi, AI ni soketi ya kuingiza na AO ni ya kutoa. SCALED OUTPUT (mkondo) inakwenda AI 0, 10 Vm (volti ya utando mara kumi) inakwenda AI 1, na AO 0 ya kadi inarudi kwenye EXT. COMMAND ili kompyuta iweze kuiamuru amplifaya. Weka draiva ya NI-DAQmx kwanza, WinWCP baadaye, kisha chagua Axopatch 200 kwenye orodha ya amplifaya. Programu ni ya Windows tu.

Kebo ya nne ndiyo watu huiacha, na mimi naiona kuwa ya lazima: ile inayotoka kwenye soketi ya telegrafu ya GAIN ya amplifaya kwenda kwenye kadi. Amplifaya hutumia volti ya soketi hiyo kutaja mahali kigeuzi cha ukuzaji kilipo. Ukuzaji wa 1 ni volti 2.5, wa 10 ni volti 4. Bila kebo hiyo, ukigeuza kutoka 1 kwenda 10 na programu haina habari, mkondo wa pikoampea 100 utahifadhiwa kama 1,000. Grafu itapendeza kama kawaida, na hakuna atakayeshtuka.

Kabla ya kugusa seli yoyote, chomeka seli ya mfano, PATCH-1U, kijisanduku cha rizista kinachoigiza pipeti na seli, uiweke kwenye BATH. Hapo kuna rizista ya megaomu 10. Amuru hatua ya milivolti 10: mkondo lazima uwe nanoampea 1, na kwenye ukuzaji wa 1 hiyo ni volti 1 kamili kwenye AI 0. Ukipata pikoampea 200 na programu ikadai upinzani ni megaomu 50, usiilaumu pipeti. Soketi za EXT. COMMAND ni mbili: inayowashwa kwa swichi ya mbele hutoa milivolti 20 kwa kila volti, ya swichi ya nyuma hutoa 100. Kebo iko kwenye ya mbele ilhali programu imeambiwa ni ya nyuma. Jaribio hili ni la dakika chache, nami singependa mwanafunzi yeyote aanze kurekodi bila kulifanya.

Kadi ina biti 16. Kwenye masafa ya ±10 V, ngazi moja ni kama milivolti 0.3, yaani pikoampea 0.3 kwenye ukuzaji wa 1. Kwa mikondo mikubwa ya sodiamu hilo halisumbui. Kwa chaneli moja (tundu moja la ioni kwenye utando wa seli) ya pikoampea mbili tatu ni ukatili; panda hadi 10 au zaidi, ukijua kwamba kwenye 10 dari lako ni pikoampea 1,000. Kichujio cha Bessel cha amplifaya, kinachopunguza kelele, nakiweka kilohezi 5 na kuchukua sampuli 25,000 kwa sekunde au zaidi.

Mngurumo wa 50 Hz ulitutesa mwanzoni. Kila soketi ya kuingiza kwenye kadi ina swichi ndogo ya FS (chanzo kisichoshika erthi) na GS (chanzo kilichoshika erthi). Iwe GS, kwa kuwa amplifaya tayari imeshika erthi kupitia plagi yake. Vifaa vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja. Kama unatumia laptopu, chomoa chaja unaporekodi.

WinWCP ina sura ya zamani, na mwongozo wake ni wa Kiingereza cha kitaalamu, lakini kupanga itifaki kwa kuburuta vipande vya mawimbi ni raha, na sehemu ya kupima mshiko wa pipeti inasomeka vizuri hata ukiwa umeinama kwenye hadubini. Kwa rekodi ndefu zisizokatika, kama za chaneli moja, tumia ndugu yake, WinEDR. Mafaili yanahamishika kwenda ABF, muundo wa mafaili wa pCLAMP, kwa hiyo mwenzako mwenye Clampfit, programu ya uchambuzi ya pCLAMP, atayafungua bila shida.