Kipimo cha elfu 38 kilivyoniokolea kontroli boksi: uzoefu wangu, Mikindani

Nimekuwa nikitumia kipimo kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi, kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, na ninaandika maoni haya hasa kwa wenzangu wa Mtwara na Lindi wanaopandisha magari yao Songea na Njombe wakati wa kipupwe, kwa sababu ugonjwa ulionifanya nikinunue haukuwa ukijionyesha kabisa huku pwani.

Gari lenyewe ni pikapu ya kabini mbili, injini ya petroli ya lita 2.7. Naitumia kupeleka nazi na samaki wakavu kwa njia ya Masasi na Tunduru, na kurudi na viazi mviringo. Nikiwa Mikindani huwaka mara tu ninapozungusha ufunguo. Lakini asubuhi ya kwanza Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Juni mwaka jana, injini ilishika, ikatetemeka kwa sekunde tano au sita, sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, ikashuka na gari likazima. Nikikanyaga mafuta kidogo liliendelea kuunguruma, nikiachia lilizima tena. Baada ya robo saa, joto lilipopanda, lilitulia kama vile halijawahi kuumwa, ila taa ya injini ilibaki inawaka njia nzima mpaka nyumbani.

Gereji niliyoliingiza baada ya kurudi ilibadilisha plagi na filta ya mafuta, kisha ikalipima kwa mashine yake na kupata msimbo P0606, yaani namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari hujiandikia. Fundi akaniambia, "Mjomba, kontroli boksi imekufa hiyo, tafuta ya mtumba." Bei niliyotajiwa ilikuwa shilingi laki saba, bila ufundi. Simlaumu kwa kuusoma msimbo huo, kwa kuwa maana yake rasmi ni hitilafu katika prosesa, yaani ubongo wa kompyuta ya injini. Kilichonikosesha usingizi ni swali moja ambalo hakuna aliyelijibu: prosesa iliyokufa inawezaje kufanya kazi vizuri Mtwara, Masasi na Tunduru, halafu iugue alfajiri ya Njombe peke yake, tena kwa robo saa tu? Alifuta misimbo, nikamlipa, na kabla ya safari ya pili nikanunua kipimo changu kwa shilingi 38,000.

Ni kidude kinachoenea kiganjani, hakina kioo wala vitufe. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, unakiunganisha na simu kwa bluutuuthi, na programu ya kwenye simu ndiyo inayoonyesha kila kitu. Soketi hiyo na misimbo yake vilifanywa vya lazima Marekani kwa magari ya kuanzia modeli ya 1996, na nchi nyingine zikafuata kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo anayeendesha gari la miaka ya 1990 lililotengenezwa kwa soko la Japani asinunue kabla ya kujaribu cha mwenzake, maana mengi kati ya hayo yana soketi ya umbo hilohilo lakini kompyuta zake hazizungumzi lugha ambayo kipimo hiki kinaielewa.

Watu wengi huvinunua vidude hivi ili wasome misimbo na kuzima taa. Mimi naona thamani yake yote iko mahali pengine, yaani katika kukuonyesha kile ambacho kompyuta inakiona wakati huohuo: joto la maji, joto la hewa inayoingia, mizunguko ya injini, volti za betri. Kompyuta haina macho, inaamini inachoambiwa na sensa, vile vipimio vidogo vilivyofungwa kwenye injini, na sensa inayosema uongo wa wastani haiwashi taa yoyote. Waya wa sensa ya joto la maji ukikatika utapata P0118, ukigusana na ethi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye betri, utapata P0117. Lakini sensa ikisema nyuzi 41 wakati ukweli ni 8, namba hiyo ni ya kawaida kabisa machoni pa kompyuta, kwa hiyo hailalamiki.

Na hicho ndicho nilichokikuta. Safari ya pili, mwezi wa Julai, niliegesha gari nje ya nyumba ya wageni ya Njombe usiku kucha, na saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado umetanda kwenye kioo, nikachomeka kipimo na kufungua ufunguo bila kuwasha injini. Joto la hewa lilisomeka nyuzi 8. Joto la maji lilisomeka nyuzi 41. Nilishuka nikagusa rejeta kwa mkono, ilikuwa baridi kama chuma cha mtungi wa gesi. Gari lililolala nje usiku mzima linapaswa kusoma namba mbili zinazokaribiana sana, kwa sababu maji, chuma na hewa vyote vimeshafikia joto moja. Nikawasha, likatetemeka na kuzima kama kawaida yake, na nilipojaribu mara kadhaa taa ikarudi ikiwa na P0300, yaani kukosa kuwaka kwa silinda zaidi ya moja. Kipimo kinaweza pia kufungua rekodi ambayo kompyuta huihifadhi pale msimbo unapoingia: mizunguko 560 kwa dakika, joto la maji 43.

Maelezo yake, nilipokaa na fundi umeme mmoja mtu mzima pale Mtwara mjini, yalikuwa haya. Injini ya baridi inahitaji petroli nyingi zaidi, kwa sababu sehemu yake haigeuki mvuke bali inabaki matone kwenye kuta za njia ya hewa, na inahitaji sailensi ya juu ili ijibebe. Kompyuta huamua vyote viwili kwa kuangalia joto la maji. Ikiambiwa maji yana nyuzi 41, inapunguza petroli na kushusha sailensi wakati injini bado imeganda. Pwani, ambako hata alfajiri ya Julai hewa huwa na nyuzi 20 na ushee, petroli hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi, na injini ilikuwa inavumilia uongo huo.

Tuliifungua sensa tukaizamisha kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 20 pamoja na kipimajoto, na waya mbili za mita ya umeme zikiwa zimeshikwa kwenye pini zake. Sensa za aina hii hupunguza ukinzani wa umeme kadiri joto linavyopanda, na kwa nyuzi 20 yenye afya ya gari langu inapaswa kuwa kati ya omu 2,000 na 3,000. Yangu ilisoma 850. Fundi akaongeza maji ya moto polepole, namba ikashuka vizuri bila kurukaruka, na ndipo nilipoelewa kwa nini ilikuwa imewadanganya wote: haikufa, ilikuwa imehama tu kutoka kwenye mstari wake. Mpya ilinigharimu shilingi 45,000.

Bado lilikuwepo swali la ule msimbo wa P0606 wa safari ya kwanza, na hapa nampa fundi umeme yule heshima yake, maana mimi ningeridhika na sensa. Alisema kompyuta ikikosa volti za kutosha wakati stata inazunguka huweza kujiandikia ugonjwa isiokuwa nao. Akaweka waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, nikapiga stata, mita ikaonyesha volti 1.4. Alinieleza kuwa hapo haipaswi kuzidi nusu volti. Tulipofungua waya wa ethi unaofungwa kwenye injini, chini ya bolti kulikuwa na unga wa kijani na kutu iliyomeguka kama ganda la mkate. Sisi tunaolaza magari karibu na ghuba tunajua chumvi inavyokula mabati ya nyumba, lakini ni wachache wanaofikiria kwamba inakula pia mahali pale panaporudisha umeme wa kompyuta. Tukasugua kwa msasa, tukabadilisha waya, tukapaka grisi juu. Tulipopima tena, mita ilitoa volti 0.2. Misimbo ilifutwa siku hiyo, na P0606 haijarudi.

Kasoro za kidude hiki zipo, na mnunuzi azijue. Kwenye gari langu kinasoma kompyuta ya injini tu, breki za ABS na mifuko ya hewa hakizioni. Programu yake iko kwa Kiingereza, na maelezo ya misimbo ni ya juujuu mno kwa mtu asiye na fundi wa kumuuliza. Hukata mawasiliano na simu, hasa simu ya bei nafuu. Soketi ile ina umeme hata ufunguo ukiwa umetolewa, kwa hiyo ukikiacha humo wiki nzima bila kuliendesha gari kitainyonya betri. Kubwa kuliko yote, kitufe cha kufuta misimbo kinafuta pia ile rekodi ya namba za wakati wa tukio, kwa hiyo ninawasihi wenzangu: pigeni picha kioo cha simu kwanza, ndipo mfute.

Kimenifundisha jambo jingine ambalo sikulitafuta. Baada ya sensa mpya, nikiwa nateremka kutoka Njombe kwenda Songea, niliona joto la maji likibaki kati ya 60 na 65 wakati linapaswa kuwa zaidi ya 80. Tamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, haikuwepo. Mmoja wa mafundi wa miaka ya nyuma aliitoa, kama wengi wanavyofanya huku kwetu kwa kuogopa joto la pwani, na injini ikawa inakunywa petroli ya mtu mwenye baridi kila inapopanda milimani. Nimeirudisha. Mwezi wa Juni mwaka huu nililaza gari palepale nje ya nyumba ileile ya wageni, na asubuhi kipimo kikasoma hewa 7, maji 9. Injini ilishika mara moja, sailensi ikapanda mpaka mizunguko 1,500, ikashuka taratibu yenyewe kadiri maji yalivyopata joto, nami nikapakia viazi.