Kreshiboksi za used: nimenunua chuma ili kikunjike

Oya wadau mambo vipi, leo sijaleta simu wala spika za kukagua, angalieni hivi vyuma viwili, vyepesi, ndani viko wazi. Hizi ndo kreshiboksi, zinakaa nyuma ya bampa moja kulia moja kushoto, zinaunganisha ule mhimili wa bampa na chesisi. Za kwangu zilijikunja kwenye foleni, niligusa fuso kwa nyuma, taratibu tu, fundi bodi akasema kaka usihangaike, nakuchomelea skwea paipu nene hapa hutokaa uone kitu kimepinda tena. Aisee hapo ndo nikaogopa!

Kwa sababu hiki kitu kimefanywa dhaifu makusudi. Mnaona haya mabonde ubavuni? Chukua kopo la soda tupu, lisimamie kwa mguu mmoja polepole, linakubeba. Sasa mwenzio aliguse ubavuni kidogo tu, puu, linashuka lote mikunjo mikunjo. Mabonde kazi yake ndo hiyo, yanaamua chuma kianzie wapi kukunjika, na kila mkunjo unakula nguvu ambayo ingekuja kwako. Yaani uko spidi 50, ukisimama ndani ya sentimita 10 mwili unabanwa kama mara 100 ya uzito wako, ukisimama ndani ya sentimita 60 inashuka mpaka kama 16. Hapo lakini ni pua nzima ya gari inakunjika, hivi viboksi ni vya kugongana kidogo, spidi 15 hivi, ili chesisi isipinde mpaka inyooshwe kwa nyundo. Mercedes waliuza gari la pua ya kukunjika tangu 1959.

Haya, hizi ni used za Japani, pea 60,000. Matundu ya bolti yamekaa sawasawa, nusu saa tumemaliza. Ila moja ina kutu kwa ndani, muuzaji kapiga rangi nyeusi juu, mjanja yule. Ukienda dukani pitisha kidole kwenye mabonde, ukihisi pameshagongwa nyundo pakanyooshwa iache hapohapo, ikishajikunja mara moja haikunjiki tena vile inavyotakiwa.

Na wenye ngao, yale mabomba ya chuma mbele ya bampa, msinitukane kwenye komenti, ngao ikifungwa moja kwa moja kwenye chesisi hizi zinabaki pambo.

Naipa 7 kwa 10, tatu nimekata za kutu. Ile skwea paipu nimemwambia fundi anitengenezee geti.