Kiti cha maboksi kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: kizuri, ila kipimwe

Tuanze na uzito. Kiti cha maboksi cha mtoto wa miaka mitatu, kikiwa kimekauka sawasawa, mama anakibeba mkono mmoja huku mtoto yuko mgongoni. Cha mbao hakikubali hivyo, ndiyo maana vingi vya mbao vinaishia kona ya chumba vimerundikiwa nguo. Ufundi huu ulianzia Zimbabwe kwa Bevill Packer, na leo unafundishwa kwenye vikundi vya wazazi na mashirika madogo yanayohudumia watoto hawa. Mali ghafi ni maboksi yaliyotupwa na wenye maduka, magazeti ya zamani na uji wa unga. Msumari hakuna hata mmoja.

Anayesikia neno "karatasi" huwa anacheka mpaka akikalie mwenyewe. Nguvu inatoka kwenye yale mawimbi ya ndani ya boksi. Tabaka la kwanza mawimbi yasimame, la pili yalale, la tatu yasimame tena, kama plaiwudi. Sehemu ya kukalia inataka tabaka 6 hadi 8, egemeo 5 zinatosha. Gundi ni kikombe 1 cha unga wa ngano kilichokorogwa kwenye kikombe 1 cha maji baridi, kikamiminwa kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, ukasonga mpaka uji uanze kung'aa. Unga wa muhogo nao unashika. Sembe ikikauka inapukutika. Upake nyembamba, maana gundi nyingi haiongezi nguvu, inaongeza maji tu. Tabaka zikishabandikwa, zilazwe chini ya madumu mawili matatu ya lita 20 mpaka kesho yake, la sivyo zinajikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango.

Kazi nyingi zinaharibikia kwenye kukausha. Nje kunakauka siku mbili, ndani bado uji. Gonga kwa kifundo cha kidole: kilichokauka kinalia ko, ko, chenye maji kinaitika kizito, kama unagonga gunia. Kisha weka shavu juu yake. Ukihisi ubaridi, rudisha juani. Fundi mwenye haraka akipaka rangi hapo, anafungia unyevu ndani, na baada ya wiki kadhaa kiti kinanuka ukungu na kikalio kinabonyea. Wakati wa masika, hasa Pwani, afadhali kusubiri kuliko kukabidhi kiti kibichi. Na fundi akikwambia ametia mrututu kwenye gundi ili kufukuza wadudu, kikatae. Mrututu ni sumu, na mtoto anayetokwa udenda hulamba kila kilicho mbele yake.

Adui mwingine ni mkojo. Rangi ya mafuta au vanishi mikono mitatu inasaidia, lakini maji hayapenyi katikati ya kikalio, yanapenyea ukingo wa mbele na kwenye maungio. Kagua hapo kwanza: je, kingo zimefunikwa kwa vipande vya karatasi ya kaki kabla ya rangi, au mawimbi bado yanaonekana? Juu yake weka sponji nyembamba iliyovishwa nailoni, inayotoka na kufuliwa. Chini ya miguu, vipande vya kandambili kuukuu vilivyogundishwa vinakinyanyua sakafuni, maji ya kudeki yasikifikie. Panya na mchwa wanaupenda uji huo kuliko sisi, kwa hiyo kisilale nje.

Hayo yote ni ya fundi. Kinachomfaa mtoto ni vipimo, na hapo ndipo tunapokuwa wakali.

Mtoto apimwe amekaa, mtu mmoja akimshika nyonga. Kina cha kikalio ni kuanzia nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukatoe vidole viwili. Kikiwa kirefu zaidi, ukingo unamsukuma nyuma ya goti, naye anateleza mbele mpaka anakalia mgongo. Mzazi anaona mtoto "hataki kiti". Upana ni wa nyonga na kidole kimoja kila upande. Kosa tunalolikuta kila mara ni kiti kilichoongezwa upana kwa sababu "atakua": mtoto analala upande, na uti wa mgongo unazoea kupinda. Kimo ni kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa na viatu kama huvaa. Miguu inayoning'inia ndiyo inayomfanya mtoto aliyekakamaa ajinyooshe kwa nguvu na kurusha kichwa nyuma. Ukiweka ubao wa kukanyagia, mara nyingi anatulia palepale.

Mkanda upite kwenye mkunjo wa nyonga, ukivuta kwenda chini na nyuma. Ukipita tumboni haumzuii kuteleza, na unambana anapokula. Kile kinundu cha katikati ya mapaja kazi yake ni kutenganisha magoti yasipishane. Kama ndicho kinachomzuia asianguke, basi kina cha kiti au mkanda vimekosewa. Meza iwe usawa wa kiwiko au juu yake kidogo. Kwa mtoto mwenye kifafa, mkanda uwe wa kufunguka kwa mkono mmoja.

Huduma sasa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za viti vya magurudumu wenye hatua 8, na kuandaa kiti chenyewe ni hatua moja tu. Nyingine ni pamoja na kupima, kujaribisha, kufundisha na kufuatilia. Kiti cha maboksi si cha magurudumu, lakini kipimo hicho kinafaa. Kuna wanaogawa viti 20 vya saizi moja tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, kwa fulana na mabango. Januari viti hivyo vinabeba ndoo. Kuna wengine wanakuja na futi kamba, wanarudi na kiti ambacho hakijapakwa rangi, wanamkalisha mtoto, wanakata na kuongeza, ndipo wanakimalizia. Wanamfundisha na bibi pia, maana mara nyingi bibi ndiye anayeshinda na mtoto. Baada ya miezi mitatu hodi tena. Hawa wa pili wape alama zote, hata kama rangi yao ina michirizi. Kabla ya kupokea kiti, uliza swali moja: mtarudi lini kupima?

Si kila mtoto anafaa kukalishwa humo. Ambaye shingo haijakaza kabisa, mgongo umeshapinda sana, au analia kila nyonga ikikunjwa, aonwe kwanza na mtu wa fiziotherapia; hospitali za KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam wapo. Aliyeruhusiwa aanze dakika 10 hadi 15, aongezewe taratibu, na asizidi nusu saa bila kubadilishwa mkao. Akitolewa, mtazame makalio na mgongo. Wekundu ambao haujaondoka baada ya nusu saa una maana pale panabana. Arudi kitini pakisharekebishwa. Wakati wa kulisha, kidevu kiiname kidogo. Kichwa kikilala nyuma, uji unaingia njia ya hewa.

Mtoto akirefuka miguu, punguza tabaka kwenye ubao wa kukanyagia. Kisu kikali kinatosha. Akirefuka mapaja, punguza mto wa mgongoni kama uliachiwa nafasi tangu mwanzo, na fundi mzuri huiacha. Akishanenepa kikambana, kipewe mtoto mwingine, lakini na yeye apimwe upya. Kikishalowa mpaka ndani, usikikaushe tena. Toa mkanda, sponji na zile kandambili, vingine vyote vitupe jalalani.