Mmea ulisema kwanza, ukafungua mdomo baadaye

Ukiniuliza kama uende kuutazama mchezo niliouona hivi karibuni, jibu la haraka ni usiende. Ila usinishike kwa neno hilo mpaka umalize kusoma, maana nimeliandika hasira ikiwa bado kooni.

Mchezo ni Little Shop of Horrors, igizo la nyimbo la kijana wa duka la maua anayeulisha damu mmea unaosema na kuimba. Ulianza kwenye ukumbi mdogo New York mwaka 1982 na mpaka leo una mashabiki wa kufa na kuzikana. Siku niliyokwenda, hivi karibuni tu, walikuwa wamefurika: watu wanaojua kila mstari, wanaoanza kucheka kabla kichekesho hakijatua. Kikundi ni cha waigizaji wa ridhaa, na bendi yao ilikuwa moto. Hayo nayakubali mapema ili nisiambiwe nina wivu.

Lakini mmea! Mmea ulikuwa unasema kwanza, halafu ndipo unafungua mdomo.

Kwa asiyejua kazi ilivyo, mmea huo huwa ni vikaragosi vinne, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia. Cha kwanza ni kachungu kadogo tu. Cha pili mwigizaji anakipakata: mkono wake halisi umeingia ndani ya chungu unachezesha mmea, na ule unaoonekana umekumbatia chungu ni wa bandia, umeshonewa kwenye koti. Hapo walinifurahisha sana. Mkono wa bandia huumbuliwa na rangi ya ngozi na vidole visivyotikisika. Wao walimvika mwigizaji glovu za bustani mikono yote, kwisha kazi. Cha tatu na cha nne ndivyo vinavyosema, na vinahitaji watu wawili. Mmoja kajificha ndani anaendesha taya, mwingine yuko pembeni ya jukwaa na maiki, anaimba. Wakipatana, unasahau kwamba kuna watu. Wasipopatana, unaona sponji iliyopakwa rangi ya kijani.

Hawakupatana. Kwa kukadiria, taya ilikuwa nyuma ya sauti kwa moja ya tano ya sekunde, yaani milisekunde 200. Utasema ni kidogo. Si kidogo, na kilichozidisha ubaya ni upande walioukosea. Binadamu tumezoea kuona kabla ya kusikia: mtu akipasua kuni kwa mbali, shoka linatua kwanza, mlio unafuata. Kwa hiyo sauti ikichelewa tunasamehe. Ikitangulia, akili inagoma. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa watangazaji unasema mtu huanza kugundua kasoro sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa anaweza asigundue mpaka ifike kama 125. Hawa walikuwa kwenye 200, upande usiosamehewa.

Mapumziko yalipofika nilikwenda kwenye mikseri, ile meza ya kuchanganyia sauti. Sikwenda kwa shari. Nikamwambia fundi wa sauti, "Samahani kaka, aliyeko ndani ya mmea anamsikia mwimbaji kwa kutumia nini?" Hakuinua macho kwenye simu yake. "Vile vya kuweka sikioni, vya Bluetooth." Nikamwambia basi hapo ndipo ugonjwa ulipo, waya mmoja tu ungemaliza. Ndipo akanitazama, toka viatuni hadi usoni. "Wewe umekata tiketi uangalie au uje utufundishe kazi? Nenda kakae."

Nikaenda nikakaa. Na kwa kuwa yeye hakutaka kusikia, nawaambia ninyi.

Visikilizio vya Bluetooth vya kawaida huichukua sauti, huibana, huituma kwa vipande, huikusanya tena, ndipo huicheza. Safari hiyo hula milisekunde 100 mpaka 250. Ukisikiliza muziki huku unafagia nyumba, hilo halikuhusu. Kwenye filamu ya simu halionekani kwa sababu simu yenyewe huichelewesha picha ikaisubiri sauti. Jukwaani hakuna wa kuwachelewesha watazamaji: sauti ya mwimbaji imeshatoka kwenye spika kubwa na kutufikia, aliyeko ndani ya chungu ndiyo kwanza anaipata.

Angevua vile vidude je? Asingepona moja kwa moja. Spika kubwa zinatazama watazamaji, yeye yuko nyuma yake, kafunikwa sponji pande zote. Kinachomfikia vizuri ni mwangwi kutoka ukuta wa mwisho. Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde, karibu milisekunde 3 kila mita. Ukuta ukiwa mita 20, kwenda na kurudi ni mita 40, yaani kama milisekunde 117. Bado amechelewa.

Dawa yake ni rahisi hadi inakera. Kikaragosi cha tatu na cha nne havitembei! Vimekaa pale pale vilipowekwa, sasa kisichotumia waya ni cha nini? Toboa tundu nyuma ya chungu karibu na sakafu, pitisha waya toka kwenye mikseri, gundisha kwa utepe wa kitambaa ili mtu asijikwae, mpe visikilizio vya waya. Ndani yake weka sauti ya mwimbaji wa mmea na ngoma, basi. Ukimpa bendi nzima atatafuta sauti moja kwenye kelele. Akitaka sikio moja liwe wazi, weka kispika kidogo ndani ya chungu chenye maneno tu. Na wakitaka lazima kusiwe na waya, viko vifaa vya jukwaani vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, vile vya dijitali huchelewa milisekunde chache tu. Vya simu si hivyo.

Halafu mazoezi. Taya kubwa ina uzito, lazima ianze kufunguka kabla ya silabi ili ifike pamoja nayo. Anayesubiri kusikia ndipo afungue ameshachelewa hata kwa waya. Watu hawa wawili wanatakiwa waanze kufanya mazoezi wakiwa wanatazamana, mkono mtupu ukicheza mdomo, mpaka pumzi zao zilingane. Chungu kije baadaye. Kwenye wimbo wa mbio usifuate kila silabi, fuata zenye mkazo, na ule upana wote wa mdomo uuweke akiba kwa neno la mwisho wa mstari. Huyu bwana wa ndani alikuwa anajua hayo. Ilionekana. Mkazo wake ulikuwa sahihi kabisa, ila umechelewa, kama salamu nzuri inayokukuta umeshapita.

Na hapa ndipo hukumu yangu ilipoanza kuyumba. Sehemu ya pili ilipoanza, nyimbo zikawa zinakaa. Kinywa na neno, pamoja! Nilidhani macho yamechoka. Baadaye nikagundua kwamba nyimbo zenye ngoma nzito zilikaa, mazungumzo makavu yaliharibika tena. Nadhani alivua vile vidude na kufuata ngoma. Bendi ilikuwa nyuma ya mandhari, mita nne au tano toka kwenye chungu, kwa hiyo ngoma halisi ilimfika ndani ya milisekunde 15, na besi aliipata kwa miguu kupitia mbao za jukwaa. Maneno alikuwa ameyakariri. Ngoma ikinyamaza, hana kitu. Mtu yuko gizani, kalowa jasho, kabeba taya nzito, anarekebisha kosa la aliyekaa kwenye kiti na simu mkononi. Nilitaka kusimama nimshangilie yeye tu.

Mwisho ulikuwa wa kelele tupu. Mizizi ilishuka toka juu ya vichwa vyetu, watu wakapiga mayowe, mmoja mbele yangu akaacha kiatu. Wale dada watatu waimbaji hawakuikosa sauti hata moja usiku kucha. Yule daktari wa meno wa kwenye mchezo alivaa lile kofia lake la gesi na bado kila neno lilisikika, kwa sababu maiki waliigundisha kwenye paji la uso badala ya shavuni, mbali na pumzi.

Basi nenda, lakini usinunue viti vya mbele. Kaa nyuma kabisa. Ukiwa mita 20 mbele ya spika, sauti inakufikia imechelewa kama milisekunde 58, na zile 200 zinapungua kuwa 140 na ushee. Kasoro haitaisha, ila itakuuma kidogo. Na ukumbini usipite upande wa mikseri kama huna moyo wa kudharauliwa.

Mimi nimekata tiketi nyingine. Safari hii nitabeba waya wa mita 15, jeki kubwa ya sauti upande mmoja na tundu la jeki ndogo upande mwingine, nimwekee juu ya mikseri yake bila neno, nirudi kwenye kiti changu.