Nimelipia riwaya nzima, wamenikatia mtoni

Nyota moja. Tena hiyo moja ni ya msomaji, si ya kampuni.

Ni riwaya ya mapenzi ya kusikiliza, ya Uingereza ya kale wakati Warumi wanavamia. Binti ni Mcatuvellauni, kijana ni Mwatrebates. Anayejua visa vya makabila hayo anaelewa kwa nini nilikosa usingizi: watu wa binti waliwabana Waatrebates hadi mfalme wao Verica akakimbilia Roma kuomba msaada, na Kaisari Claudius akapata kisingizio cha kuleta jeshi mwaka 43. Kwa hiyo wao kupendana tu ni usaliti, pande zote mbili. Mama wa binti akisema hataki mkwe wa kabila lile, nilimchukia na nikaona ana haki.

Sasa usiku wa kuamkia vita. Caratacus na nduguye Togodumnus, viongozi wa watu wa binti, wametulia ng'ambo ya mto, wanaamini Mrumi havuki bila daraja. Kijana anajua jeshi lile lina watu wanaoogelea na silaha zao mwilini, na kwamba watapiga farasi wa magari ya vita kwanza. Na gari mojawapo ni la kaka wa binti! Anamfuata gizani. Anamwita. Anafungua mdomo...

"Ili kuendelea, lipia sehemu ya pili."

Sehemu ya pili ipi? Nilinunua kitabu kizima, ujumbe wa malipo ninao. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kaka mmoja akanijibu: "Dada, hiyo ni historia, Warumi walishinda. Ipo bure mtandaoni."

Nani kakuuliza Warumi? Najua walishinda! Najua Claudius alikuja mwishoni na tembo wake, akaingia mji wa Camulodunum kwa mbwembwe, akakaa Britania siku 16 tu kisha huyo akarudi kwao. Najua hata Caratacus alivyokimbilia kwa malkia Cartimandua akitafuta hifadhi, akakabidhiwa kwa Warumi amefungwa minyororo. Ninachotaka kujua ni kama yule kijana alisema au alimeza maneno. Nikamwandikia hivyohivyo. Akanirushia kikatuni cha kucheka, akafunga malalamiko yangu.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, nitaje na viazi. Sura za mwanzo wanachoma viazi motoni. Viazi, mwaka 43, wakati bado viko kwao Amerika ya Kusini! Nilikuwa nimesamehe. Nimeghairi.

Ila yule msomaji jamani. Akifika kwa binti anapunguza sauti mpaka unasogeza simu sikioni. Haya, nyota tatu. Hapana, mbili, nikikumbuka kile kikatuni.

Aliyefika mwisho aniambie tu: alisema? Nisipojibiwa hadi jioni nitalipia tena, na hapo naondoa nyota zote.