Kilomita 3,900 mpaka Muscat: nlivyoitumia saiti ya kupima masafa ya ndege

Juzi nlikuwa namsafirisha mamangu kwenda Muscat kumuona khalati (nduguye mama), mama mwenyewe yuko Chake, Pemba, basi kabla sijakata tiketi nkaingia kwenye saiti moja ya kupima masafa, unaandika unapotoka na unapokwenda inakupa kilomita na muda wa kuruka. Jina silitaji, ziko nyingi na zote zafanana.

Masafa iko vizuri. Unguja mpaka Muscat imenipa kama kilomita 3,900, ndege ya moja kwa moja masaa 5 hivi, na hesabu yaingia akilini maana madege haya yaenda kama kilomita 850 mpaka 900 kwa saa, ongeza na kupanda na kutua. Tena yakukumbusha kuwa Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwenda tiketi itaonesha kama masaa 6 na kurudi kama 4, usije ukadhani rubani wa kurudi ana haraka ya kwao. (Wazee wetu masafa hayo hayo walikuwa wakisubiri upepo wa kusi ndio watweke tanga, sie masaa 5 twalalama miguu.)

Sasa kasoro, inahesabu ndege tu, msafiri haimjui. Tiketi nloiweza mie ilipitia Doha. Unguja–Doha kama kilomita 3,750, Doha–Muscat kama 700, yaani umezidi 550 tu, utasema si kitu, kumbe mama kakaa pale Doha masaa 7 na baridi ya eisii na kanga moja tu begani, vyengine vyote kavitia kwenye sanduku pamoja na mbatata zake za kukaanga alizomchukulia khalati. Na bado boti ya Mkoani, Pemba, mpaka Malindi ya Unguja, kulala Unguja siku moja kwa kuogopa bahari isije ikachafuka, na kufika uwanjani masaa 3 kabla. Hayo yote kwenye ile saiti ni sifuri.

Jengine ni saa. Yaandika saa za kizungu, na tiketi vilevile, 02:40 Ijumaa. Mie na usomi wangu nkampigia wa teksi, njoo Ijumaa usiku, saa nane yatukute uwanjani. Mama akaniuliza, "Mwanangu, Ijumaa usiku au usiku wa Ijumaa?" Nkaona ananchanganya tu. Kumbe kwa wazee usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama, na ndio huo hasa wa tiketi! Nkampigia tena yule wa teksi mbio mbio, akacheka mpaka simu ikakatika.

Nyota 3 kati ya 5. Mbatata zilifika, zimelainika kidogo.