Umeme wa Dar ukikatika: ununue nini kwanza

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na makali ya mgao wa 2023 yakapungua. Dar es Salaam bado umeme unakatika. Maji ya Rufiji hayawezi kuokoa transfoma ya mtaani iliyozidiwa mzigo, wala nguzo iliyoangushwa na mvua. Kukatika kwa namna hii huja ghafla na mara nyingi huisha baada ya saa chache, kwa hiyo nunua kwa kuangalia hilo.

Namba moja ni friji gadi. Friji nyingi huungua pale umeme unaporudi ukipanda na kushuka. Kifaa hiki hukata umeme mbaya, kikasubiri dakika chache utulie. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya kompresa, yaani mota inayopoza friji.

Namba mbili, na hapa ndipo pesa nyingi iende: inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri ya lithiamu. Feni ya wati 50, taa nne za wati 5, ruta na chaji za simu havizidi wati 100. Kwa saa tano ni wati-saa 500. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikiwa ya asidi, kama ya gari, tumia nusu tu; ukiikamua zaidi inakufa mapema. Lithiamu ya aina ya LiFePO4 hukupa zaidi ya asilimia 80, tena kwa miaka mingi zaidi. Kwenye boksi la inveta tafuta maneno “pure sine wave”, yaani umeme laini kama wa TANESCO, la sivyo feni itanguruma na kupata moto.

Betri ya asidi naiweka ya tatu, kwa bei yake. Kagua tarehe ya kutengenezwa: iliyokaa muda mrefu dukani bila chaji imeshachoka.

Jenereta ni ya mwisho. Bucha au saluni inaihitaji; nyumba ya kupanga, hapana. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu na inayoua, kwa hiyo jenereta isiwashwe ndani wala karibu na dirisha. Fundi mwenye leseni akufungie chenji ova, swichi ya kuhamisha nyumba kati ya TANESCO na jenereta, ili umeme wako usirudi kwenye laini ukamkuta fundi wa TANESCO juu ya nguzo.

Mwenye chumba kimoja asikope: balbu mbili za kuchaji na pawabenki nzuri zinamtosha.